Tangazo la Wanyama, Tangazo la Watoto

Jumamosi asubuhi ndiyo zamu yangu ya kusoma matangazo katika redio yetu ndogo hapa mjini Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Studio ni chumba kimoja tu. Ukutani tumebandika magodoro ili kelele za pikipiki zisiingie, na juu ya bati kuna paneli za jua ambazo mvua ikinyesha sana zinatuacha kimya katikati ya sentensi. Nikimaliza kusoma narudi nyumbani kwenye ndagala zangu, maana mimi pia ni muuzaji sokoni, na samaki hawangojei mtu apumzike.

Matangazo yetu ni ya kila namna. Kuna msiba, kuna kadi ya kura iliyookotwa njiani, kuna kwaya inayobadilisha saa ya mazoezi, kuna mashine ya mtumbwi iliyoibwa. Mwishoni nasoma karatasi mbili. Ya kwanza inatoka huduma ya mifugo. Inaeleza ugonjwa gani wa kuku umeingia, chanjo ya mbwa itatolewa wapi, na mtaa gani kuna mnyama aliyejeruhiwa na binadamu, ili anayejua kitu aende kusema. Ya pili inatoka ofisi ya mambo ya jamii, ambayo sisi tunaiita tu sosiale. Hiyo haitaji jina la mtoto wala la mzazi. Inasema kwamba katika mtaa fulani kuna mtoto aliyefikishwa kituo cha afya akiwa na alama za kupigwa, na inawaomba majirani wawe macho. Zote mbili ni habari za wazi. Hubandikwa pia kwenye ubao mbele ya ofisi ya mji, na mpita njia yeyote anaweza kusimama akazisoma.

Kwa muda mrefu nilizisoma hivyo hivyo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanga vyombo. Halafu Jumamosi moja, wakati wa mvua, nilisoma katika karatasi ya wanyama kwamba mbuzi amekatwa masikio katika mtaa mmoja ulio upande wa barabara ya kwenda Fizi. Nikageuza, nikaanza karatasi ya watoto, na mtaa wa kwanza kuutaja ulikuwa ule ule. Nikanyamaza. Nilidhani fundi mitambo amenipa karatasi moja mara mbili. Nikamtazama kule kwenye mitambo yake, naye akanizungushia mkono kuniambia niendelee. Nikaendelea.

Mume wangu alikuwa amesikia kile kimya. Yeye ni motard, anabeba watu na mizigo kwa pikipiki, na safari zake nyingi ni za machimbo ya dhahabu kule Misisi, ila siku hiyo barabara ilikuwa imekatika na alishinda nyumbani. Aliniuliza kama nilipaliwa. Nilipomweleza alisema mitaa ya Baraka si mingi kiasi hicho, kwa hiyo lazima igongane. Niliona amesema kweli. Lakini tangu hapo sikio langu halikulala. Jumamosi zilizofuata mitaa haikufanana, nikaanza kusahau. Kisha ikafanana tena: mbwa amemwagiwa maji ya moto, na mtoto ameungua mgongo, mtaa mmoja. Baadaye ikafanana kwa mara nyingine, na siku hiyo nilitoka studio nikaenda moja kwa moja sosiale, ndagala zangu zikiwa bado kwenye beseni.

Pale sosiale kuna mama mmoja wa Kibembe anayeshughulikia watoto. Aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mpaka leo anavaa saa yake upande wa ndani wa mkono kama walimu wa zamani. Anasema kwa sauti ya chini mno, hata inabidi uiname kumsikia. Nilitegemea atanicheka. Hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kuwa yeye mwenyewe, kila anapoingia katika nyumba ya watu, jicho lake la kwanza linatafuta mbwa au paka au kuku, aone wanakaaje mtu mzima anapopita. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu aliogopa wataona anapenda mbwa kuliko binadamu. Halafu akaniwekea mpaka. Alisema mtaa mmoja una nyumba nyingi, na aliyemkata mbuzi anaweza asijue hata sura ya mtoto aliyepigwa.

"Avenyu haipigake mutoto, dada," alisema. "Ni muntu anapigaka. Na ule muntu tangazo yako haimujue."

Lakini hakuliacha jambo hapo. Alimtafuta mganga wa mifugo, kijana mrefu anayezunguka na sanduku lake la dawa nyuma ya pikipiki, wakapatana. Mganga akiitwa kumtibu mnyama aliyeumizwa kwa makusudi, amjulishe. Atakaporudi kubadilisha bandeji, mama wa sosiale atakwenda naye. Mganga alikubali mara moja. Alisema kwamba kuna nyumba alizotoka akiwa amefunga kidonda cha mbuzi vizuri kabisa, na njia nzima moyo unamuuma bila kujua unauma kwa ajili ya nani. Mimi waliniomba niende nao mara ya kwanza, kwa kuwa swali lilikuwa langu.

Mnyama wa kwanza alikuwa ng'ombe.

Alikuwa wa familia moja iliyoshuka kutoka milimani, watu wa ng'ombe wanaosema Kinyarwanda nyumbani kwao, waliojenga pembeni kabisa mwa mji. Siku hizi si jambo jepesi kwa mtu wa milimani kukaa kati yetu, wala kwa mmoja wetu kuingia kwake bila kuangaliwa na majirani. Anayeishi huku anajua kwa nini: vita vya kule milimani vimetugawa. Nilipolisoma redioni tangazo kwamba ng'ombe wao amekatwa kwa panga, watu sokoni walikuwa tayari wamelifasiri kwa njia yao: wamemkata ng'ombe wao wenyewe ili wapate wa kumshtaki.

Tulikwenda baada ya jua kupoa. Ng'ombe alikuwa amelala chini ya paa la nyasi, mguu wa nyuma umefungwa. Mganga alifungua bandeji, akatuonyesha: panga lilikuwa limepita juu ya kisigino, kutoka nyuma, na chini zaidi kulikuwa na jeraha la pili. Alieleza kwamba mtu anayefukuza ng'ombe shambani humpiga popote panapofikika, mgongoni au ubavuni. Huyu alimfuata mnyama aliyekuwa tayari anakimbia, akampiga, na alipoanguka akampiga tena.

Mama mwenye nyumba alitutolea viti na maziwa ya mgando. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, watoto wake wakiingia na kutoka. Mama wa sosiale hakuuliza kitu. Alikunywa maziwa, akawa anatazama watoto. Mdogo kuliko wote alikuja akapanda mgongoni kwa mama yake bila kumwangalia usoni kwanza. Mwingine alikuwa amekaa karibu na kichwa cha ng'ombe, anamfukuzia nzi kwa tawi. Mama mwenye nyumba aliona tunavyotazama. Aliweka kikombe chini.

"Bamama," alisema, "mulikuja juu ya ngombe, ao mulikuja kuangalia batoto wangu?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Mama wa sosiale aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia bila kuinama.

"Batoto pia, mama. Hatuwezi kukudanganya. Kwenye ngombe ao mbuzi inaumizwa, tunapenda kujua batoto banaishi namna gani."

Niliwaza kwamba sasa atatufukuza, na kwamba atakuwa na haki. Badala yake aliwaita watoto wote kwa lugha yao, wakaja wakasimama mbele yetu, wengine wanacheka cheka. Akawafunua mikono, akawageuza migongo, akamfunua hata yule wa mgongoni mwake.

"Baangalieni muzuri," alisema. "Mukimaliza, muende kwa ule mwenye alikata ngombe yangu. Kule ndiko kuko mutoto wa kuangalia."

Ndipo akatueleza. Ng'ombe aliingia katika shamba la mihogo la jirani, hilo hakulikana, na mume wake alikuwa amekwenda kuomba msamaha hata kabla ya kujua kuwa mnyama amekatwa. Katika nyumba ya huyo jirani kulikuwa na msichana, wa umri wa kuanza kubadilisha meno. Hakuwa mtoto wa nyumba ile. Baba yake alikuwa mchimbaji wa Misisi, mama yake amefariki, na yule jirani ni ndugu wa marehemu mama, yaani mjomba wake. Siku moja baada ya ng'ombe kukatwa, msichana alikuja mpaka kwenye uzio na majani ya viazi vitamu mkononi. Aliulizwa anatafuta nini. Alisema ameleta chakula kwa ng'ombe, na kwamba wasimkasirikie mjomba, ng'ombe amsamehe. Alikuwa anatoa majani kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kuume ulikuwa umekaa kifuani, haunyooki.

"Nilimupa maziwa," yule mama alisema. "Tangu pale anakuja kila siku. Mi siwezi kwenda kusema kwa chef wa mtaa. Mi muntu wa milima, nikisema, batasema ni juu ya ngombe. Lakini nyinyi munaweza."

Mama wa sosiale alitembea haraka mpaka tulipofika barabara kubwa. Hapo akasimama, akasema kuwa tungesoma matangazo yale miaka na miaka tusingeifikia nyumba ya mjomba, kwa sababu tangazo lilitupeleka alipolala ng'ombe na lilinyamaza kuhusu mkono ulioshika panga. Nami nilikuwa nafikiria yule mama, aliyewafunua watoto wake mbele ya wageni, akatuongoza hata hivyo. Mpaka leo nikihesabu watu walionitendea wema maishani, yeye yuko mbele, na hakunitendea mimi.

Kuingia katika nyumba ya mjomba lilikuwa jambo la akili. Mganga alikuwa na kazi ya kuandikisha mbwa kwa ajili ya chanjo ya kichaa, na mtaa ule ulikuwa haujafikiwa, kwa hiyo alianza nyumba za kwanza, akaja hatua kwa hatua kama ilivyo kawaida. Sisi wawili tulikuwa naye. Mjomba hakuwapo. Mke wake alitufungulia, mwanamke wa rika langu, tumbo la mimba limeanza kuonekana. Mbwa alikuwa chini ya meza ya nje, jike la rangi ya udongo, jicho moja limefumba. Msichana alikuwa anamenya mihogo nyuma ya nyumba. Tulimwona mgongo tu.

Mganga alipiga magoti, akamvuta mbwa polepole, akamkagua mbavu. Aliuliza nani alimpiga hivi. Mke wa mjomba akajibu hakuna, mbwa alianguka. Wakati huo huo sauti ya mwanaume ilisikika barabarani, mtu anamwita mwenzake. Hakuwa mjomba, ni mpita njia tu. Lakini mbwa alijilaza chini, tumbo likagusa udongo, na kule nyuma kisu kikasimama juu ya muhogo. Msichana alikuwa amejibana ukutani. Sauti ilipopita, kisu kikaendelea.

Mama wa sosiale alivuta kiti akaketi karibu na mke wa mjomba. Hakumuuliza habari za mtoto. Alimuuliza habari za mbwa.

Nimefikiria sana kwa nini swali lile lilifungua mlango. Nadhani kwa mbwa hakuna aibu ya ukoo. Mke akisema mumewe anapiga mtoto, ameivunja nyumba. Akisema anapiga mbwa, amesema tu jambo la mbwa. Basi akaanza kusema, mwanzo kwa neno moja moja. Alisema mbwa anapigwa akila kabla ya mwenye nyumba. Anapigwa akibweka, na asipobweka anapigwa kwa kuwa ni mvivu. Anafungwa kwenye mti wakati wa mvua. Aliendelea, na maneno yakawa yanakuja bila kuvutwa, macho yake yako chini, anasugua kiganja kwa kiganja.

"Ananyimwa kula mupaka kesho yake," alisema. "Anaambiwa hakuna kulia. Mutoto akilia, anamurudilia kumupiga."

Alisema hivyo, mutoto, na hakujirekebisha. Mganga aliinamisha uso juu ya mbwa. Yule mwanamke aliendelea kueleza sentensi mbili tatu zaidi, sasa yote ni mutoto, na mbwa hakumtaja tena. Kisha akasikia alichokuwa anasema, akajifunika mdomo kwa kitambaa.

Mama wa sosiale alimshika mkono. Alimwambia kwa ile sauti yake ya chini kwamba hajamsaliti mtu, na kwamba yeye na mimba yake wataangaliwa pia. Alimuuliza kama anakubali mtoto apelekwe kituo cha afya leo hii. Mwanamke alitikisa kichwa kukubali. Msichana alipoitwa alikuja ameshika kisu na muhogo nusu, akauliza kama amekosea kumenya.

Kituo cha afya kilikuta mkono umevunjika na kuanza kuunga vibaya, na alama nyingine ambazo sitaziandika. Polisi wanaoshughulikia watoto walimfuata mjomba shambani jioni ile. Hakukimbia.

Mume wangu ndiye aliyekwenda Misisi kumtafuta baba. Barabara ilikuwa matope matupu, na hakuna aliyemtuma. Nilipomweleza habari, alikwenda nje akaangalia matairi, akarudi akaniomba nimfungie bugali ya njiani. Alimkuta baba ndani ya shimo, wakamvuta kwa kamba. Mume wangu alinisimulia kwamba baba alipoambiwa alikaa chini palepale penye udongo uliotolewa. Kila mara alikuwa anatuma kitu kwa shemeji yake kwa ajili ya mtoto, akiamini anasoma. Alikuja Baraka nyuma ya pikipiki, udongo mwekundu umekauka kwenye nywele. Msichana hakumkimbilia. Alimtazama sana, kisha akamwonyesha bandeji yake ya plasta iliyokuwa bado nyeupe. Baba akaigusa kwa kidole kimoja, na wakakaa hivyo. Walikubaliana na sosiale mtoto aende kwa mama yake baba, kule Mboko, kwa kuwa shimoni si mahali pa kulea.

Kesi ilisikilizwa hadharani. Mama wa milimani alikuja kutoa ushahidi, amevaa kitenge chake cha kanisani, na mwanzoni watu walinong'ona. Alisema habari za ng'ombe kwa ufupi na hakudai chochote. Zaidi alisema habari za majani ya viazi vitamu, na minong'ono ikakatika. Mjomba, alipopewa nafasi, hakuona taabu kukiri la ng'ombe. Alisema alimkata, kweli, alikuwa na hasira. Kuhusu mtoto alisema alikuwa anamfundisha tu, kama wazazi wote wanavyofundisha.

Jaji alimgeukia. "Na ngombe," alimuuliza, "ulikuwa unaifundisha nini?"

Hakuna aliyecheka. Nilimwona mjomba akiangalia mikono yake mwenyewe, na kwa dakika ile, Mungu anisamehe, nilimhurumia pia, maana alionekana kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza anaulizwa swali. Alifungwa. Mke wake alibaki na nyumba, akajifungua salama kwa msaada wa wanawake wa kanisa lake, na mbwa alibaki kwake. Mganga alijaribu kuliokoa lile jicho, lakini ilikuwa imechelewa.

Baada ya hapo mambo mengine yalikuja ambayo sikuyategemea. Watu wa mtaa ule walifika redioni wamekasirika. Walisema kila Jumamosi nautaja mtaa wao kama mtaa wa wauaji, wasichana wao hawataolewa. Tulikaa nao nje, chini ya bati, tukazungumza mpaka mvua ikatukuta. Mzee mmoja wa kanisa alisema jambo lililotusaidia: kwamba hawakatai kutajwa, wanakataa kutajwa bila kusaidiwa. Tangu siku hiyo, kila mtaa unapotajwa, natangaza pia siku ambayo mganga na mama wa sosiale watapita huko na mahali watakapokaa. Na ofisi zile mbili sasa huandika mitaa kwa mipaka ile ile, jambo ambalo hapo awali halikuwa hivyo. Ilikuwa kila moja na ramani yake kichwani. Ubaoni karatasi zinabandikwa bega kwa bega.

Sitaki mtu afikiri kwamba tumepata dawa. Wanyama wengi wanaoumizwa hapa wameumizwa na magari, au na njaa, au na ugomvi wa mashamba, na katika nyumba zile watoto wanalala vizuri. Na kuna watoto walioteseka katika nyumba zisizo na hata kuku mmoja. Mama wa sosiale amenirudia mara nyingi kunikumbusha. Mara nyingi wanakwenda, wanakunywa chai, wanaomba radhi kwa usumbufu, wanarudi. Lakini mara chache si hivyo. Na mama wengi sasa wanamsimamisha mganga njiani na kuanza habari kwa kusema, munganga, kuku wangu, au mbuzi wangu, naye anajua ashuke kwenye pikipiki na asiwe na haraka.

Mwaka huu nilikwenda Mboko kununua unga wa muhogo, na nilipomaliza nikaulizia nyumba ya yule bibi. Haikuwa mbali na barabara. Bibi ni mwanamke mfupi mwenye kelele nyingi, alinikumbatia kabla sijamaliza kujieleza, akaniambia kwamba wageni wa mjukuu wake hawaondoki bila kula. Hakunishukuru sana, na nilifurahi kwa hilo. Nisingejua niiweke wapi shukrani ambayo ni ya watu wengine. Nilimweleza hivyo. Nilimtajia mama wa milimani, mganga, mama wa sosiale, na yule mke aliyekuwa na mengi ya kuogopa akasema. Aliwaombea mmoja mmoja, mikono imejaa majani ya muhogo.

Msichana alikuwa ametoka shule. Amerefuka, meno yameota yote, mkono umenyooka ila ukitazama sana utaona umepinda kidogo chini ya kiwiko. Hakunikumbuka. Aliniamkia kwa adabu, akaenda kuchochea moto chini ya chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo. Bibi alipoonja alisema chumvi imezidi, nani ametia chumvi humu.

Nilimwangalia mtoto. Hakurudi nyuma, wala hakutazama mikono ya bibi.

"Ni we mwenyewe ulitia, bibi," alisema, bado anachochea. "Mi nilikuambia kama inatosha, we ukaongeza."

Bibi akaanza kulalamika kwangu kuhusu watoto wa siku hizi, kwamba huyu anabishana asubuhi mpaka jioni, kwamba hana neno asilolijibu, na mtoto akawa anajibu hata hilo. Waliendelea hivyo mpaka bugali ikaiva. Tukala. Sombe ilikuwa na chumvi kweli, nikaomba niongezewe.